Dakika tano zinazokula saa nzima

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Maseno, CAT (majaribio ya katikati ya muhula) zikikaribia mnaanza yaleyale: saa nne mfululizo kitini, ukurasa mzima umepakwa rangi ya manjano, na ukiulizwa umesoma nini unakuna kichwa. Kupumzika si uvivu. Shida ni mnavyopumzika.

1. Pimeni muda. Soma dakika 25, pumzika 5. Baada ya mizunguko minne, pumzika 15 hadi 30. Mtindo huu ni wa Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeubuni akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Si amri ya Musa. Swali refu la kalkulasi halimaliziki kwa dakika 25, kwa hivyo nenda 50, upumzike 10.

2. Simu, jamani. Unafungua grupu la darasa "kuangalia tu", unakuta wanabishana kuhusu mikopo ya masomo ya HELB. Hujibu, lakini ukirudi kitabuni unasoma mstari mmoja mara tatu. Mtafiti Sophie Leroy alieleza jambo hili mwaka 2009: ukiacha kitu nusu, sehemu ya akili hubaki imekwama hapo. Video nazo hazina mwisho, na kengele ya dakika tano inalia ndani ya simu hiyohiyo, inazimwa kwa kidole gumba, basi saa imeenda. Tumia saa ya mkononi. Simu ikae ndani ya begi, data imezimwa. Kubaki huko kwa akili kunaathiri hata masomo yenyewe, kwa hivyo kabla hujasimama andika pembeni mwa daftari hatua inayofuata: "3b, tafuta dy/dx, kisha weka x = 2." Si "endelea na 3b", maana hiyo haikwambii uanzie wapi.

3. Simama, jaza chupa ya maji, nyoosha mgongo. Kwenye laptopu, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 mbali kwa sekunde 20. Chai na mandazi ni za mapumziko marefu. Foleni ya kibandani haijui dakika tano.

4. Saa nane mchana, ugali umeshuka na joto limepanda, lala dakika 20. Ukilala saa nzima utaamka umezubaa, na mtaanza kulaumu ugali.

5. Stima ikipotea, msikimbilie gumzo la korido. Kaa hapohapo gizani, ujitajie ulichosoma bila kitabu. Palipokwama ndipo utakapoanzia stima ikirudi.