Kwa mkufunzi msaidizi anayeingia chumba cha semina kwa mara ya kwanza

Matangazo ya nafasi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania huwa yanataka GPA, yaani wastani wa ufaulu, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na kwa sababu hiyo karibu kila anayeingia katika kazi hii ni mtu ambaye masomo hayajawahi kumshinda. Hapo ndipo ugumu wake unapoanzia. Aliyezoea kuelewa kwa kusikia mara moja hajui njia anayopita mwenzake wa kusikia mara nne, wala hajui kwamba huyo wa mara nne pengine alipotelea mahali padogo sana, ambapo yeye alipita bila hata kupaona. Nilisimamia semina za takwimu za mwaka wa kwanza kwa miaka minne kabla ya kwenda kusoma shahada ya umahiri, na haya ninayowaandikia ninyi mnaoanza muhula huu ni yale ambayo ningependa kuambiwa siku niliyokabidhiwa funguo za ofisi.

Utaratibu wa mhadhara mkubwa unaofuatiwa na semina ya kundi dogo hatukuubuni sisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London, na kikarithi namna ya kufundisha ya huko. Kundi dogo la wakati ule sina haja ya kulieleza. Langu mimi lilikuwa na watu 45 katika chumba chenye viti 38. Hata hivyo, hesabu inayopaswa kukuongoza si ya viti bali ya saa. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, hivyo kozi ya krediti 12 inamdai mwanafunzi saa 120. Akihudhuria saa mbili za mhadhara na saa moja ya semina kila wiki kwa wiki 15, atakuwa amekaa darasani saa 45. Saa 75 zilizobaki ni zake mwenyewe, maktabani, bwenini au kwenye kimbweta, ile meza ya kujisomea ya nje, na hakuna anayemwona. Semina ndiyo dirisha pekee ulilonalo la kuchungulia anachofanya katika saa hizo, na ukiigeuza kuwa mhadhara wa pili umelifunga dirisha lenyewe.

Mimi nililifunga muhula mzima. Niliingia na chaki mbili, nikarudia alichosema mhadhiri, kwa mwandiko mzuri zaidi na kwa mifano mingi zaidi, wanafunzi wakanakili, nikauliza kama kuna swali, kukawa kimya, nikatoka nikiwa nimeridhika. Majibu ya testi ya kwanza yalipotoka ndipo nilipotambua kwamba ukimya ule haukuwa wa watu walioelewa.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Swali lilikuwa jepesi: uwezekano wa yai kuwa viza ni 0.1, ukichukua mayai matano, kuna uwezekano gani kwamba angalau mawili ni viza? Swali liliandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyo maswali yetu yote. Jibu sahihi ni 0.0815, lakini karatasi baada ya karatasi ilileta 0.0729. Nikahitimisha kwamba hawakuelewa kanuni, nikaifundisha upya. Wiki iliyofuata nikatoa swali la namna ileile, wakakosea vilevile. Nikaifundisha mara ya tatu, safari hii kwa ukali kidogo, jambo ambalo bado linanitia aibu. Baada ya kipindi, binti mmoja ambaye hakuwahi kufungua kinywa darasani alikuja mezani na karatasi yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilinyamaza, nikamwomba anifanyie hesabu hiyo mbele yangu huku akisema kila anachofikiri. Alihesabu vizuri kabisa. Alipanga mayai mawili viza kati ya matano kwa njia 10, akazidisha 0.01 kwa 0.729, akapata 0.0729 bila kusita. Nikamwuliza, «Swali limekwambia mayai mangapi?» Akajibu, «Mawili, mwalimu.» Nikamwonyesha maneno mawili ya Kiingereza yaliyotangulia ile namba, «at least», nikamwuliza maana yake. Akasema alidhani maana yake ni «kidogo kabisa», yaani mawili tu. Nilipomwambia kwamba ni «angalau», alishika kichwa, akachukua kalamu na kumaliza hesabu kwa dakika moja: akatoa katika 1 uwezekano wa kutokuwapo yai viza hata moja, akatoa na ule wa kuwapo moja tu. Kanuni niliyoifundisha mara tatu alikuwa anaijua tangu mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo sikumweleza mwanafunzi jambo lolote kabla hajanieleza yeye. Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kitanzania kama ameelewa, atasema ndiyo, kwa sababu kusema hapana mbele ya mwalimu anaona ni kama kumwambia hakufundisha vizuri. Mwambie badala yake, «Nioneshe ulipoanzia», kisha funga mdomo. Sekunde 20 za kimya ni ndefu mno kwa anayefundisha na ni fupi mno kwa anayefikiri, na mkufunzi mgeni karibu kila mara hushindwa kuzivumilia, akajijibu mwenyewe.

Suala la lugha linastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyolitazama. Wengi wa wanafunzi wako walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na wakafika chuoni wakiwa hodari wa kukariri sentensi za Kiingereza ambazo hawangeweza kuzibadili neno moja. Wapo wakuu wa idara wanaotaka semina ziendeshwe kwa Kiingereza tupu, na maagizo yao yaheshimiwe. Pale nilipoachiwa uamuzi, niliruhusu wazo lizungumzwe kwa Kiswahili mpaka lieleweke, kisha nikamtaka aliyelisema aliandike ubaoni kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utamdai hivyo. Kabla ya kufanya hivyo, uliza kama wote wanakijua Kiswahili. Katika kundi langu la pili alikuwamo kijana kutoka Burundi aliyekuwa na Kirundi na Kifaransa, aliyekaa wiki tatu akitabasamu tuliposhangilia majibu, na sikugundua kwamba hafuati chochote mpaka kiongozi wa darasa aliponinong'oneza. Na asitokee mtu akachekwa kwa Kiingereza chake katika chumba chako. Atakayechekwa mara moja hutasikia sauti yake tena hadi anahitimu.

Utakutana pia na wanafunzi waliokuzidi umri, hasa walimu waliorudi kusoma baada ya kufundisha miaka kumi au zaidi. Nikiwa na miaka 25 nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 43, mwenye watoto wanne. Nje ya darasa nilimwamkia shikamoo kama inavyompasa mtu wa rika lake. Ndani yeye aliniita mwalimu, na hatukuwahi kuhitaji kulijadili jambo hilo. Watu hawa usiwaogope. Wana aibu ya kuuliza mbele ya vijana, lakini ukiwapa kundi la watu watano walisimamie, ile miaka yao ya kushika chaki inafanya kazi ambayo wewe huiwezi.

Kuhusu usahihishaji, kosa langu lilikuwa la kujitakia. Nilipewa madaftari 240 ya testi, nikayasahihisha kwa siku mbili, moja baada ya jingine, kutoka jalada hadi jalada, mengine usiku wa manane. Wiki iliyofuata wanafunzi wawili wakaja pamoja na madaftari yao yamefunguliwa ukurasa mmoja. Jibu la swali la tatu lilikuwa lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Mmoja nilimpa 7 kati ya 10, mwingine 4. Sikuwa na la kujitetea. Nilirudia madaftari yote 240, na alama za wanafunzi wengi zilibadilika. Siku hizi nasahihisha swali la kwanza la kila mtu, kisha la pili la kila mtu, nikiwa na mwongozo wa kusahihishia mezani, na kila baada ya madaftari 30 narudia mawili ya mwanzo kuona kama mkono umeanza kuwa mzito au mwepesi. Katika vyuo vingi nchini alama 40 kati ya 100 hutoka katika kazi za muhula, na hizo kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwako, kwa hiyo alama tatu ulizomnyima mtu kwa usingizi zinaweza kuwa ndizo zitakazompeleka kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Anayesema ni alama tatu tu hajawahi kuona mzazi aliyeuza mbuzi kulipa ada akipigiwa simu kwamba mwanawe amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli.

Madesa msiyapige vita. Mwanafunzi atayatafuta maswali ya miaka ya nyuma hata ukiyaficha chini ya ardhi, na usiku wa kuamkia testi vimbweta vyote vitajaa watu wanaoyajadili. Mimi niliyaleta semina mwenyewe, nikawapa majibu matatu ya swali moja la zamani, mawili yakiwa na kosa nililolipanda kwa makusudi, na kazi yao ikawa kulitafuta. Njia hiyohiyo inafaa leo kwa asaimenti zilizoandikwa na programu za akili unde: usianze kumshtaki mtu, mwombe achague aya moja ya kazi yake na aieleze kwa maneno yake. Aliyeiandika ataieleza, na ambaye hakuiandika utamwona anavyoitazama kama mgeni.

Kwa mhadhiri unayemsaidia, kumbuka kwamba wanafunzi watakuja kwako kumsema. Sikiliza malalamiko, usiyaongezee chumvi. Ukikuta kosa katika slaidi zake, mpelekee ofisini, na umwache alisahihishe mwenyewe mbele ya darasa lake. Wapo wenye hasira za karibu, ni kweli, lakini wengi nilioshughulika nao walishukuru, na mmoja alianza kunipa slaidi zake nizipitie kabla ya mhadhara.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Tofauti ya umri kati yako na wanafunzi wako ni ndogo, na kalamu nyekundu iliyo mkononi mwako inaifanya isiwe ndogo tena. Kutumia alama kumdai mtu ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na hiyo ni mbali na kufukuzwa kazi. Lakini hata asiyekuwa na nia mbaya ajilinde na amlinde mwanafunzi: mlango wa ofisi ubaki wazi, mashauri ya alama yafanyike saa za kazi, na maswali ya kozi yaulizwe katika kundi la WhatsApp la darasa, si katika ujumbe wa faragha. Nilikuwa najibu ujumbe saa sita za usiku nikidhani ni bidii. Nilipotangaza kwamba najibu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakuna aliyelalamika, na maswali yalipungua kwa kuwa waliyajibu wenyewe kabla hakujakucha.

Si kila anayekosa semina ni mvivu. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa utaona viti vinavyobaki wazi, hasa katika vipindi vya mchana, kwa sababu aliyekula mara moja tangu jana hana nguvu za kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Wengine wamefiwa, wengine wanaumwa na hawajamwambia mtu. Nilijaribu kuwa daktari, benki na shehe wa kila mmoja, nikashindwa katika yote. Kazi yako ni kuona, kuuliza kwa upole, na kumsindikiza mpaka Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Nasema kumsindikiza kwa kuwa ukimwelekeza tu, hafiki.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila nilipogundua mahali wanafunzi wanapopotelea niliandika mistari miwili mitatu: swali lenyewe, jibu walilolitoa, na walichokuwa wanakifikiri. Ukurasa wa kwanza una 0.0729 na maneno «at least». Wa pili unahusu neno lingine la Kiingereza ambalo darasani lina maana moja na mtaani lina nyingine. Nilipoondoka kwenda masomoni nilimwachia daftari hilo aliyeshika nafasi yangu, naye alipoondoka akamwachia mwingine. Nilipopita idarani mwaka jana lilikuwa mezani, jalada limefungwa kwa selotepu, kurasa za mwisho zina miandiko miwili nisiyoijua, na pembeni mwa ukurasa wangu wa nne mtu ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba maelezo yangu hayakutosha, akayaongezea.