Anza na mpokeaji: kwa wanaojaribu usimbaji wa laini

Vijana wengi wa elektroniki hapa Tanga huuliza: kama Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) tayari ina Serial.print, amri ya kutuma data, kwa nini tuhangaike na usimbaji wa laini, yaani namna ya kugeuza moja na sifuri kuwa volti kwenye waya? Kwa sababu Serial.print imekufichia kazi yenyewe. Kila baiti hutangulizwa na biti ya kuanzia na kufungwa na biti ya kumalizia, kwa hiyo mpokeaji hurekebisha saa yake kila baada ya biti 10. Ondoa biti hizo mbili, tuma mfululizo mrefu, ndipo utaiona kasheshe.

Kasheshe ni saa. Arduino Uno R3 huendeshwa kwa MHz 16 na rezoneta ya kauri, kipande kinachotoa mapigo ya saa, na rezoneta mbili hazilingani kabisa. Bodi mbili zikitofautiana kwa asilimia 1, baada ya biti 50 mpokeaji ameshateleza nusu ya biti. Kwenye usimbaji wa NRZ, ambako moja ni volti 5 na sifuri ni volti 0 basi, sifuri nyingi mfululizo hazina mruko wowote (badiliko la volti) wa kumrudisha kwenye mstari. Ni kama wapiga dufu kwenye maulidi: kila mmoja ana mkono wake, ila pigo la kiongozi ndilo linalowaweka pamoja.

Usimbaji wa Manchester huweka mruko katikati ya kila biti, moja au sifuri, kwa hiyo saa husafiri pamoja na data. Gharama yake ni kwamba laini hubadilika hadi mara mbili zaidi kwa data ileile. Ethernet ya 10BASE-T, mtandao wa waya wa kompyuta, iliikubali gharama hiyo. Angalia jambo moja mapema: kuna kanuni mbili zinazopingana. Kwa IEEE 802.3, kiwango cha Ethernet, moja ni mruko wa kupanda. Kwa kanuni ya G. E. Thomas, moja ni wa kushuka. Andika uliyoichagua juu kabisa ya programu, kwenye bodi zote mbili.

Sasa ushauri wangu mkubwa: usijivunie kutuma. Kutuma ni kazi ya jioni moja. Anza na biti 2 kwa sekunde na LED, uone mruko kwa macho, kisha panda hadi biti 1000 kwa sekunde. Tumia Timer1 (kaunta ya muda iliyo ndani ya Uno) badala ya delay (amri ya kusubiri), maana muda wa kutekeleza amri nyingine hujiongeza juu ya delay.

Upande wa kupokea, usisome pini kila baada ya muda fulani ukiomba Mungu. Pima muda kati ya mruko na mruko. Pini ya 8 ya Uno imeunganishwa na Timer1 kwa kazi hiyohiyo: mruko ukitokea, kaunta inanakiliwa yenyewe. Ukigawanya saa kwa 8, kila hatua ni nusu ya mikrosekunde. Hata micros(), inayokwenda kwa hatua za mikrosekunde 4, inatosha kwa kasi hii. Kwa biti 1000 kwa sekunde, utapata nafasi kati ya miruko za aina mbili tu, takriban mikrosekunde 500 na 1000, basi weka mpaka kwenye 750. Chini sana ya 500 ni kelele. Juu sana ya 1000, ujue umepotea na uanze kutafuta upya.

Hapa ndipo wengi hukwama. Moja tupu na sifuri tupu kwenye Manchester huonekana sawasawa: nafasi fupi tupu. Mpokeaji hajui kama yuko katikati ya biti au mpakani. Nafasi ndefu pekee ndiyo inayomwambia, kwa kuwa huanzia katikati ya biti na kuishia katikati ya inayofuata. Kwa hiyo tanguliza 10101010, yenye nafasi ndefu tupu, kisha alama ya kuanza. Ethernet hufanya hivyohivyo: baiti 7 za 10101010, halafu 10101011.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la kapasita, ambayo hupitisha mabadiliko ya volti na kuzuia volti iliyotulia. Weka mikrofaradi 1 ya kauri katikati ya waya, na upande wa kupokea gawanya volti 5 kwa rezista mbili za kilo-ohmu 22. Ingiza kwenye pini kupitia kilo-ohmu 10, maana volti zinaweza kushuka chini ya sifuri. Tuma NRZ ya baiti mbili za moja tupu kwa biti 1000 kwa sekunde: mwishoni kimo cha mawimbi kutoka volti 2.5 za katikati kimebaki chini ya robo. Manchester hupita karibu nzima. Huna osiloskopu? Tumia analogRead, ila hifadhi vipimo 500 kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo uvichapishe; ukichapisha papo hapo utachelewa na kuona uongo.

Pini za bredibodi hushika kutu haraka kwa hewa yetu ya bahari. Kabla hujalaumu programu, pima waya, na hakikisha GND (pini ya volti 0) ya bodi zote mbili imeunganishwa.

Manchester ikishakutii, jaribu AMI, usimbaji wa ngazi tatu za volti, kwa pini mbili na LED mbili zilizogeuziana, pamoja na rezista: pini moja juu ni chanya, nyingine juu ni hasi, zote chini ni sifuri, na kila moja inayofuata hubadili upande. Tuma sifuri nyingi uone saa inavyopotea tena. Kisha soma jinsi HDB3, inayotumika kwenye laini za simu za E1, inavyobadilisha sifuri nne mfululizo kwa kuvunja makusudi kanuni hiyo ya kubadili upande, na uandike mpokeaji wake kwanza.