Kabla Hujauambia Mlango Ufunguke Saa Mbili

Mimi ni fundi wa milango ya kadi, yenye kufuli za umeme. Meneja wa ofisi moja Upper Hill, Nairobi, alimtumia kijana wangu wa kazi ujumbe: "Mlango wa mapokezi uwe wazi kutoka saa 2 mpaka saa 11." Kijana akafungua programu ya kuongozea kufuli, akaandika 02:00 mpaka 11:00, akahifadhi, akaenda kupanda matatu. Kesho yake wageni wakaanza kugonga kioo saa tano asubuhi, mlango umejifunga mbele yao. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo ndipo nikaona balaa lenyewe. Kufuli ilikuwa imeachia mlango tangu saa nane usiku, na soja alikuwa getini chini, hana habari.

Mashine haikukosea. Ilifanya tulichoiambia, kwa saa za kizungu.

Siku hizi mteja akinipa saa, namwandikia zote mbili kwenye karatasi, "saa mbili asubuhi, yaani 08:00", anatia sahihi. Halafu naangalia saa ya kontrola yenyewe, kile kisanduku kinachoiamuru kufuli, kabla ya kitu kingine chochote. Vifaa vingi tunavyonunua madukani barabara ya Luthuli vinakuja na saa za Uchina, zilizo mbele yetu kwa saa tano. Ukikiacha kifaa hivyo, mlango uliopangiwa saa mbili asubuhi utafunguka saa tisa usiku, na kila tukio kwenye kumbukumbu litakuwa na saa ya uongo. Siku ya wizi, kumbukumbu hizo hazitakusaidia kitu.

Kuna mpangilio mmoja ambao mafundi wengi wanaupita bila kuusoma: mlango usijifungue kwa ratiba mpaka mtu wa kwanza aguse kadi. Uwashe. Ungetuokoa pale Upper Hill, na unakuokoa siku za sikukuu pia. Jamhuri unaweza kuiingiza tangu Januari, lakini Idd inangoja mwezi uandame. Hakuna aliyekuja kazini, hakuna kadi iliyoguswa, basi mlango umelala.

Sasa alamu, na hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mlango mmoja una alamu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza hulia mlango ukifunguka bila kadi wala kitufe cha kutokea, yaani umelazimishwa. Ya pili hulia mlango ukifunguliwa kihalali kisha ukaachwa wazi kupita muda uliopangwa. Ya kwanza ni ya mwizi. Ya pili, mara nyingi, ni ya mama wa chai.

Sifanyi mzaha. Niliitwa ofisi nyingine, huko Westlands, kuangalia mlango wa stoo ambao mfumo ulidai haujafunguliwa wiki nzima, na kompyuta ndogo mbili hazionekani. Niligusa juu ya fremu, pale sensa ya mlango ilipo, kidole kikakutana na kitu kigeni. Sumaku ya friji, ya umbo la ndizi, imebandikwa kwa selotepu. Sensa ya mlango huhisi sumaku iliyo kwenye mlango wenyewe. Ukiibandikia nyingine pembeni, itaamini mlango umefungwa hata ukiung'oa mlango mzima. Nikamtazama soja, mzee wa makamo, akatabasamu kwa aibu. "Hiyo kelele, fundi, ingetumaliza."

Simlaumu. Aliyefunga mfumo aliweka sekunde 15 za mlango kukaa wazi na hakuugusa tena. Mlango huo huo ndio uliopitishiwa mitungi ya maji ya lita 20, mmoja mmoja, na mama wa chai na kitoroli chake chenye gurudumu bovu. Nilisimama pale na saa mkononi asubuhi moja: kitoroli kilitumia sekunde 40. Kwa hiyo king'ora kililia kila siku, mara nne, mara tano, na hakuna mtu aliyeinua kichwa. Niliweka sekunde 60, nikawasha mlio mdogo wa kisoma kadi unaoanza sekunde 15 kabla ya king'ora, sumaku nikampa mama wa chai akabandike kwenye friji yake. Kwa hiyo usikubali muda uliokuja na kifaa. Mtazame mtu mwenye mzigo akipita, kisha mwongezee kidogo.

Alamu ya kulazimishwa ikilia ovyo, chanzo huwa nyaya au bawaba. Kuna mafundi wanaokiunga kitufe cha kutokea moja kwa moja kwenye umeme wa kufuli. Mlango unafunguka vizuri, mteja anafurahi, lakini kontrola haikuambiwa kuna mtu anatoka, kwa hiyo kila anayekwenda chooni ni mwizi. Lete waya wa kitufe kwenye kontrola. Na kama klosa, ule mkono wa juu unaourudisha mlango ujifunge, imechoka, mlango unagonga fremu na kurudi nyuma kidogo, itengeneze klosa kwanza. Hilo halirekebishwi kwa kompyuta.

Nije kwa stima. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi ulirudi kesho yake. Kufuli ya sumaku hushika mlango kwa umeme tu. Ile ya kawaida inavuta kilo 280 ikiwa na stima, na bila stima ni bamba la chuma. Ni sawa kabisa kwa mlango wa watu kutokea: moto ukiwaka, watu watoke, na boksi la kijani la kuvunja wakati wa dharura lazima likate umeme wa kufuli yenyewe, bila kupitia programu. Lakini ukiifunga hiyo kwenye stoo ya bidhaa, unategemea betri. Pale weka kufuli ya ulimi, inayobaki imefungwa stima ikipotea, na ndani iwe na kitasa cha kuzungusha kwa mkono ili mtu asinaswe.

Betri nayo ina hesabu. Kufuli ya sumaku ya volti 12 hula karibu nusu ampea muda wote. Kontrola na kisoma kadi wakila robo nyingine, betri ya ampea-saa 7 itakupa saa tisa kwenye karatasi, na pungufu ya hapo mlangoni. Milango miwili ikiwa kwenye betri moja, gawa tena.

Ndiyo maana sikabidhi kazi kabla ya kuzima swichi kuu, nione betri inashika muda gani. Kwenye godauni moja Industrial Area mwenyewe alikataa. "Fundi, utanizimia stima saa za kazi?" Nikamwambia ni saa mbili tu, za kuhesabu, na mashine zake tunaziacha kwenye laini yao. Akakubali kwa shingo upande, akavuta kiti karibu na mlango. Chai yake ilikuwa bado moto kufuli ilipoachia, tak, mlango ukasogea wenyewe. Dakika kumi na tisa. Betri ilikuwa imenunuliwa juzi yake, na nailoni ilikuwa bado juu yake.