Ratiba ya chuo ukiwa kadeti wa ROTC: anza na siku ya kamisheni halafu rudi nyuma

Mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, anaanza chuo Agosti hii hapa Texas na anataka kuingia ROTC ya jeshi la nchi kavu, ile programu ya kuandaa maafisa wa jeshi la Marekani wakiwa chuoni. Juzi kanitumia meseji saa sita usiku, "kaka shikamoo, nichagulie kozi za semista ya kwanza". Nikamrekodia voisi ya dakika ishirini, nikaisikiliza mwenyewe nikaona haieleweki, naruka ruka tu kama panzi. Bora niandike, na wengine mnaopita njia hiyo mtachukua kinachowafaa.

Mimi nilisomea uinjinia wa ujenzi, nikaingia programu mwaka wa kwanza, nikatunukiwa kamisheni mwezi Mei, luteni usu. Ukiiweka hivyo inasikika kama mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Nusura nichelewe mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja ya maabara, nitafika huko.

Kwanza kwa walio nyumbani ambao wakisikia kadeti wanawaza Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi kule Tanzania. Hii siyo Monduli. Huku unakuwa mwanafunzi wa kawaida kwenye chuo cha kiraia, unasoma digrii unayoitaka, na jeshi unalibeba pembeni: PT (mazoezi ya viungo) alfajiri, darasa la sayansi ya kijeshi, Lab mara moja kwa wiki ambapo mnavaa magwanda na kufanya mazoezi ya uongozi, na baadhi ya wikiendi mnalala porini. Mfumo wenyewe ni wa zamani, unatokana na sheria ya 1916. Mwaka wa kwanza unaitwa MS I, unapanda hivyo mpaka MS IV, na ukimaliza digrii yako unaapishwa kuwa afisa.

Sasa nani anahakikisha hayo yote yanaingia kwenye wiki moja yenye siku saba? Wewe. Advaiza wa chuo, yaani mshauri wa masomo, anaijua digrii, afande wa ROTC analijua jeshi, na hawa watu wawili hawaongei. Wangu kwa miaka minne hawakuwahi kuonana hata siku moja, wa kutembea katikati na karatasi mkononi nilikuwa mimi.

Karatasi yenyewe inaitwa 104-R. Hiyo fomu utakutana nayo, hasa ukishafika hatua ya kusaini kontrakti na jeshi. Unaandika kozi zako zote, semista kwa semista, mpaka siku ya kumaliza, advaiza wa chuo anasaini kwamba kweli mpango huu unaishia kwenye digrii, na ROTC nao wanasaini. Wengi tunaijaza kama homuweki. Mimi ya kwanza niliijaza kwa dakika kumi nikiwa nakula, nikanakili tu mfano ulioko kwenye tovuti ya chuo, na ule mfano umetengenezwa kwa mwanafunzi ambaye hana PT, hana Lab, na kiangazi ni chake.

Fanya hivi. Chukua karatasi, chini kabisa andika mwezi wa kamisheni. Halafu panda juu kinyumenyume. Mfano wa kwangu: miezi ya mwisho kuna mradi mkubwa wa mwaka wa nne, unachukua semista mbili mfululizo, ya saba na ya nane. Ili uruhusiwe mradi lazima uwe umefanya usanifu wa zege na chuma, hiyo ni ya sita. Kabla yake uchanganuzi wa miundo, ya tano. Kabla yake mekaniki ya mata, ya nne. Kabla yake statiki, ya tatu. Statiki inataka fizikia, ya pili, na fizikia inataka kalkulasi, ya kwanza. Hesabu mwenyewe. Semista nane, pete nane za mnyororo mmoja, hakuna hata moja ya akiba! Ukifeli statiki huwezi kusema nitaifidia mwakani, mnyororo wote unasogea, na kamisheni inasogea nao kwa sababu bila digrii hakuna kamisheni. Anayesoma siasa au historia ana nafasi ya kupumua, anapanga panga tu. Uinjinia na uuguzi hakuna huo mchezo, na wauguzi ndio wana hali ngumu zaidi maana zamu za hospitali hazijali kwamba kesho una PT.

Kitu cha pili cha kuandika kabla hujachagua chochote ni kiangazi cha baina ya mwaka wa tatu na wa nne. Hicho siyo chako. Utakuwa Fort Knox, Kentucky, kwenye Advanced Camp, zaidi ya mwezi, na tarehe huchagui wewe. Kwa hiyo kama una kozi ya kurudia, au unataka kupunguza mzigo kwa kusoma kiangazi, viangazi vyako ni viwili tu, cha baada ya mwaka wa kwanza na cha baada ya wa pili. Mimi kile cha kwanza nilikichezea, nikaenda kubeba mizigo kwenye ghala, hela nzuri lakini nilikuja kuijutia.

Haya, kisa chenyewe. Semista ya nne nilitakiwa kuchukua maabara ya kupima mata, ile mnavunja nondo na mitungi ya zege mnasoma mashine inasemaje. Kwenye chuo changu ilikuwa inafundishwa mara moja tu kwa mwaka, semista ya masika inayoanza Januari, kundi moja, Alhamisi saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Lab ya ROTC: Alhamisi saa tisa mpaka kumi na moja. Niliiona siku tatu kabla ya kujisajili. Advaiza akaniambia bila wasiwasi kabisa, ichukue mwakani. Mwakani ndiyo MS III, mwaka ambao kwenye Lab ndiyo unasimamishwa uongoze wenzako huku unaandikiwa maksi, na baada ya hapo unakwenda Fort Knox. Kugongana mwakani ingekuwa mbaya mara mbili.

Na unajua nilichofanya? Nilinyamaza. Nilijisajili kozi zote mbili kwa kuombewa ruhusa ya kugongana, nikawa nakimbia, natoka maabara katikati, nafika Lab nimechelewa gwanda limejaa vumbi la saruji, wiki tatu hivyo. Kwenye kichwa changu cha kibongo huwezi kumpelekea afande matatizo yako ya ratiba, utaonekana legelege. Mwisho akaniita yeye. Nikamweleza, nikamwonyesha ile karatasi ya mnyororo. Akaniuliza swali moja tu, kwa nini hukuja Novemba? Kumbe kulikuwa na wanafunzi wawili wa uuguzi wenye shida hiyo hiyo na walishapangiwa Lab yao Ijumaa asubuhi. Nikaunganishwa nao, basi, yakaisha. Wiki tatu za kukimbia jua kali kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda kwa afande semista moja kabla, nenda na karatasi, siyo na hadithi. Programu nyingi zinaelewa kwamba wewe ni mwanafunzi kwanza, ila wanataka wajue mapema. Na muulize advaiza swali hili kwa kila kozi iliyoko kwenye mnyororo wako: inafundishwa semista gani, na mara ngapi kwa mwaka? Katalogi inaorodhesha kozi kama vile ziko dukani kila siku, kumbe nyingine ni kama embe, zina msimu.

Masaa ya asubuhi. PT yetu ilikuwa saa kumi na mbili, maana yake kuamka saa kumi na nusu. Mimi nikaweka kalkulasi ya pili saa mbili asubuhi nikidhani nitakuwa nimechangamka. Nilikuwa nimechangamka mpaka nilipokaa. Mwalimu ana sauti ya taratibu, darasa lina joto, umetoka kukimbia maili nne, aisee nilipata C na hata hiyo C naishukuru. Kama una uhuru wa kuchagua weka kozi za hesabu kuanzia saa tatu na nusu kwenda mbele, umekula, umeoga. Saa mbili weka kozi ya kuongea ongea, ambayo ukisinzia jirani anakugusa. GPA, wastani wa alama zako, siyo mapambo, inaingia kwenye ile orodha ya kitaifa ya kadeti, OML, inayoamua kwa sehemu kubwa kama utapata jeshi la muda wote na utaenda kitengo gani.

Krediti, yaani uzito wa kozi, ngapi kwa semista? Lazima uwe mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida 12 kwenda juu. Usisajili 12 kamili. Ukiziacha hivyo siku kozi moja ikikushinda ukataka kuidondosha huwezi, unashuka chini ya mstari na posho ya ROTC ya kila mwezi inaingia matatani. Mimi nilikuwa nakaa 15 au 16. Halafu angalia hili, digrii nyingi ni krediti 120, ya kwangu ilikuwa 128, na madarasa ya kijeshi kwangu hayakuhesabika kwenye uinjinia hata moja, yalikuwa juu ya hizo. Kwenye fani nyingine yanaingia kama kozi za kuchagua. Uliza idara yako, usiulize rafiki. Pia kuna kozi ya historia ya kijeshi unatakiwa uwe nayo kabla ya kamisheni, hiyo ukiwa mjanja unaipanga ihesabike pia kama kozi ya historia ya chuo, unaua ndege wawili.

Sasa la uraia, maana nawajua ndugu zangu, tumekuja kwa bahati nasibu ya green card wengi wetu. Huwezi kusaini kontrakti wala kupata kamisheni bila kuwa raia wa Marekani. Mimi nilitua nina miaka kumi na tano, mama alichelewa kuapa uraia, nikavuka kumi na nane nikiwa bado na green card. Programu yangu ilinipokea miaka miwili ya mwanzo bila kontrakti, nafanya kila kitu, posho sina. Wenzangu wakipokea dola 420 zao kila mwezi mimi naangalia. Nilijaza N-400 yangu mwenyewe, fomu ya kuomba uraia, siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano ya green card, maana inaruhusiwa kuiwahisha hivyo, nikaapa Septemba ya mwaka wa tatu, nikasaini kontrakti wiki chache baadaye. Kama mzazi wako anaapa kabla hujafika kumi na nane, una green card na unaishi naye, uraia unakuja wenyewe, wahini! Kwa hiyo tarehe ya uraia nayo iandike kwenye ile karatasi, pembeni ya kozi.

Ukipata skolashipu ya miaka minne toka mwanzo, fahamu kwamba mwaka wa kwanza bado unaweza kujitoa, ila siku ya kwanza ya mwaka wa pili umeshafungwa. Na kubadilisha meja, yaani fani ya digrii yako, baada ya hapo siyo kumwambia advaiza tu, ni 104-R mpya na ruhusa. Ukijisikia unayumba na fani yako, yumba mwaka wa kwanza.

Kiswahili chako usikitupe. Chuo changu kilikuwa kinataka semista mbili za lugha ya kigeni kwa baadhi ya fani, kadeti mwenzangu Mkenya aliomba apimwe Kiswahili, wakampima, akaokoa kozi mbili. Tena wizara ya ulinzi ya Marekani yenyewe imewahi kuwasomesha kadeti Kiswahili kwenye mpango wa Project GO. Kuna Mmarekani mmoja wa kikosi chetu alirudi kutoka kwenye mpango huo akawa anampa shikamoo kila mtu, hadi MS I. Tukamwacha.

Na familia. Hili hakuna afande atakayekufundisha. Huku kwetu wikiendi ni send-off, kitchen party, misiba, michango, na wikiendi ndiyo mazoezi ya porini yanapoangukia. Ukishapewa kalenda ya semista mpelekee mama tarehe zote siku hiyo hiyo, abandike kwenye friji. Mimi mara ya kwanza nilimwambia tu "mama wikiendi hii naenda fildi", akafurahi, akawatangazia watu kanisani mwanangu kapata fildi kwenye kampuni ya ujenzi. Jumapili jioni narudi nimejipaka masizi usoni, nanuka, miguu malengelenge. Akanitazama akasema, kampuni gani hiyo?

La mwisho ni semista ya nane yenyewe. Iache iwe nyepesi, na semista moja kabla yake nenda ofisi ya usajili ukaombe wakukagulie digrii yako yote, krediti moja moja, wakupe karatasi. Usiridhike na alama za kijani kwenye kompyuta. Kadeti mmoja wa mwaka wetu, wiki mbili kabla ya sherehe, aliambiwa amepungukiwa krediti 1, ya kozi aliyohamisha kutoka chuo kingine ambayo huku ilihesabika 3 badala ya 4. Wazazi wake walishakata tiketi. Walikuja, walikaa kwenye viti vya mbele, wakatuangalia sisi tukila kiapo, na yeye alikuwa mlangoni anagawa ratiba za sherehe. Aliapa Agosti, ofisini, watu watano.