Maswali ya Wasomaji: Joto la NMR halitulii

SWALI: Spektromita yetu ya NMR (mashine inayochunguza molekuli kwa sumaku), ya 400 MHz, tumeiweka nyuzi 25. Joto linapanda na kushuka nusu digrii, na vilele (mistari ya ishara) vya sampuli kwenye D2O (maji mazito) vinahama. Je, hita imekufa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda ni nzima. Hita hupasha tu hewa inayopita kwenye sampuli, haipoozi. Hewa ikiingia na nyuzi 24 au 26, jambo rahisi Mombasa kiyoyozi kikilegea mchana, kidhibiti hakina la kufanya. Jaribu nyuzi 35: joto likitulia, tatizo ni hewa. Basi weka kipoza hewa, au pimia nyuzi 30 kazi ikiruhusu. Hewa iwe baridi kuliko lengo kwa nyuzi 5 au zaidi.

Vilele vinahama kwa sababu loki (mfumo unaoweka masafa ya mashine mahali pamoja) hushikilia ishara ya D2O, nayo husogea takriban 0.01 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kila digrii. Nusu digrii ni kama Hz 2.

Joto likiyumba hata kwenye nyuzi 35, tazama mtiririko wa hewa kompresa inapowaka na kuzimika. Ukicheza, shuku regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la hewa) au chujio lililoziba. Unyevu wa pwani nao hauna huruma: mwaga maji ya tangi la kompresa kila siku, kagua kikaushio. Hakikisha pia ncha ya themokapo (kipima joto) haijahama, na neli ya sampuli imeshushwa kwa kipimo cha kina.

PID (mipangilio ya kidhibiti joto) irekebishwe mwisho kabisa, mtiririko ukiwa umetulia. Wengi huanzia hapo, wakaficha ubovu badala ya kuuondoa.