Kijana wako anapoanza methadoni: kazi ya nyumbani ni ipi

Mzazi anayempeleka mwanawe kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, kwa kawaida hujiuliza atapona lini. Swali linalomsaidia zaidi ni hili: kesho asubuhi atafikaje kwenye dirisha la dawa? Dawa hunywewa kila siku, mwanzoni mbele ya muuguzi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kazi kubwa ya nyumbani ni kuhakikisha safari hiyo haikatiki, na kuzuia haraka. Haraka ya kupandisha dozi na haraka ya kuacha dawa ndizo zinazoharibu tiba nyingi.

Kwa Tanzania huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala kisha Temeke, na baadaye mikoani. Zanzibar iko hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, na pwani ikafunguliwa Malindi. Dawa ni bure. Gharama yenu ni nauli na muda. Vituo vingi hupokea wateja kupitia asasi zinazowafuata waraibu vijiweni, kwa hiyo anzeni na wahudumu wa asasi hizo au kliniki yenyewe. Hapo atapimwa mkojo, VVU, kifua kikuu na homa ya ini, na mara nyingi ndugu wa karibu huombwa aje. Nenda wewe, usimtume jirani.

Nyumbani kutakuwa na anayesema kijana anabadilishiwa unga (heroini) kwa unga mwingine. Mjibuni hivi: heroini hupanda kwa dakika chache na kuisha baada ya saa nne hadi sita, ndiyo maana mtumiaji anahangaika kutafuta hela mara tatu au nne kwa siku. Methadoni ya kunywa hupanda polepole, hukaa mwilini zaidi ya saa 24, na dozi ikishakuwa sawa haina stimu. Mtu anaamka hana arosto (maumivu ya kukosa unga), anakunywa dawa yake, anakwenda kazini. Ni utegemezi bado, ndiyo, lakini ni ule wa mgonjwa wa kisukari na sindano yake.

Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari kubwa kuliko zote, na ndizo ambazo familia hulegeza macho kwa sababu "ameshaanza dawa". Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30. Itamtuliza kidogo tu. Jioni anaweza kupiga miayo, kutokwa na machozi na kamasi, kulalamika mifupa. Ataomba aongezewe, na wewe utashawishika kwenda kugombana na daktari. Piga hesabu kwanza. Tuseme nusu ya dawa ya jana bado imo mwilini leo. Siku ya kwanza ana 30. Siku ya pili ana 30 mpya na 15 za jana, jumla 45. Siku ya tatu zaidi ya 52, na kufikia siku ya tano anakaribia 60, bila dozi kuongezwa hata tone. Ndiyo maana wahudumu hupandisha miligramu 5 hadi 10 tu, kisha wakasubiri siku kadhaa. Kijana anayeona dozi haijamtosha akaongezea kete ya heroini au vidonge vya usingizi siku ya tatu, anaweza kuacha kupumua usiku wa siku ya nne. Wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120, na kufika huko huchukua wiki kadhaa.

Kwa hiyo katika siku hizo asilale peke yake chumbani na mlango umefungwa kwa ndani. Dawa hufikia kilele saa mbili hadi nne baada ya kunywa. Mwangalie wakati huo na tena usiku. Mtu mwenye dozi sahihi ukimwita anaitika na anaongea vizuri. Anayesinzia katikati ya sentensi, au kijiko kikamshinda mkononi, dozi imemzidi au amechanganya na kitu: pigia kliniki siku hiyo hiyo, kabla ya dozi ya kesho. Anayekoroma kama anayegugumia maji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, midomo na kucha zimepauka au kuwa za bluu, na haamki ukimsugua kifuani kwa nguvu, huyo hajalala. Mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, huku mwingine akitafuta gari la kumkimbiza hospitali. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Msimwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Ulizeni kliniki kama nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni, inapatikana. Hata akizinduka kwa nalokisoni lazima afike hospitali, kwa sababu nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na methadoni bado imo.

Dirishani mtaona anakunywa kikombe, anaongezewa maji, anayanywa, kisha anaambiwa aongee. Msilichukulie kama dharau. Kuna wanaoficha dawa mdomoni wakaiuze nje ya geti, na anayeinunua anaweza kuwa hajawahi kuizoea. Akitapika baada ya kunywa, aende kwa muuguzi pale pale. Asiposhuhudiwa, kwa kawaida dozi hairudishwi.

Kuhusu hela, mabishano ni mengi. Rai yetu: miezi ya mwanzo mpe nauli ya siku ile tu, ya kwenda na kurudi, wala usimpe ya wiki nzima. Ikiwezekana asindikizwe na mtu, na apande gari lisilopita kijiweni kwake cha zamani. Aende mapema, anywe, aondoke. Wauza unga wanajua kliniki zilipo, na saa mbili za kukaa nje ya geti zinatosha kumrudisha mtu. Lakini usimpekue mifuko kila jioni. Mkojo unapimwa kliniki; acha wao wawe polisi, wewe ubaki mzazi. Akikutwa bado anatumia katika miezi ya mwanzo, maana yake mara nyingi ni kwamba dozi haijatosha. Hiyo si sababu ya kumfukuza nyumbani.

Akikosa dozi siku moja au mbili, mara nyingi anaendelea na kiwango chake. Akikosa tatu, hupunguziwa. Akifika tano au zaidi, huanzishwa upya karibu na chini, kwa kuwa mwili umeshasahau. Wengi huona aibu kurudi, na hapo ndipo familia inahitajika: mpeleke siku ya pili, usingoje ya tano. Misiba na safari ndizo hukatisha sana. Kabla ya kusafiri, omba barua ya kuhamishiwa kwa muda kwenye kliniki ya mkoa mnakokwenda, kama ipo. Anayefunga Ramadhani aulize saa za dawa kabla ya mwezi kuandama.

Aliyetulia anaweza kuruhusiwa kuja na dozi nyumbani. Iwe kwenye sanduku lenye kufuli, kamwe si kwenye chupa ya soda. Dozi ya mtu mzima inaua mtoto.

Dawa nyingine zitajeni zote kila kliniki au hospitali anakotibiwa. Rifampisini ya kifua kikuu, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, humaliza methadoni haraka. Ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi na watu hudhani kijana anadanganya. Efavirenzi na dawa za kifafa kama fenitoini hufanya hivyo pia. Flukonazo ya fangasi hufanya kinyume, huipandisha. Pombe na vidonge vya usingizi kama valiamu ndivyo wauaji: akifika amelewa, muuguzi akimnyima dozi, muuguzi yuko sahihi.

Madogo madogo: choo kigumu (maji, papai, mboga za majani), kutokwa jasho, na meno kuoza kwa sababu mdomo unakauka. Apige mswaki mara mbili. Binti yenu hedhi ikirudi, anaweza kushika mimba kabla hajajua. Akishika, asiache methadoni. Aendelee, na kliniki ya wajawazito iambiwe mapema ili mtoto aangaliwe akizaliwa.

Na kuacha? Mwaka mmoja ni kiwango cha chini, na wengi hukaa miaka. Mzazi anayesema "umenenepa sasa, acha hiyo dawa kabla ya harusi" anamsukuma shimoni. Kushushwa hufanywa na kliniki, kidogo kidogo kwa miezi, na usingizi ukipotea au hamu ikirudi, hubaki palepale au hupandishwa tena. Akiwa ameshaacha kisha akarudia, kete aliyoizoea zamani sasa inaweza kumuua, kwa kuwa mwili haujazoea tena. Mrudishe kliniki wiki hiyo hiyo, aanze tena kwa dozi ndogo.