Mafuta ya breki yanapotelea wapi?

SWALI: Fundi, Corolla yangu ya zamani kila wiki naiongezea mafuta ya breki. Pedeli inazama, ila chini ya gari sioni hata tone. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kwanza iegeshe. Mimi huanzia nyuma: fungua dramu ya gurudumu, inua raba ya vumbi ya silinda ndogo ya breki iliyo ndani kwa bisibisi. Ukikuta majimaji, mwizi ndiye huyo. Badilisha silinda pande zote mbili, na breki shuu (vipande vinavyosugua dramu) zilizolowa pia. Kuziosha kwa petroli ni kujidanganya. Nyuma kukiwa kukavu, legeza masta silinda (pampu kuu ya breki) uchungulie inapokutana na busta (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedeli). Humo huvuja kimyakimya. Kisha jaza mafuta ya breki ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake, utoe upepo kwenye mfumo. Oili ya injini usithubutu, raba zitavimba.